Bi Taratibu na Mashine Inayosoma kwa Mkia

Mama yangu mdogo akianza kufunga kamba za viatu, wewe nenda kachemshe chai, uinywe, uoshe kikombe. Ukirudi utamkuta yuko kwenye kiatu cha pili. Sisemi kwa ubaya. Huyo mwanamke kanilea tangu mama alipoenda kutafuta kazi mbali, na mtu akimsema vibaya mbele yangu mimi nashuka kwenye pikipiki hata kama taa ni ya kijani na watu wanapiga honi. Lakini ukweli ni ukweli. Kazini wanamwita Bi Taratibu, na yeye anaitika bila kununa.

Mimi ananiita Pilipili. Nabeba vifurushi kwa pikipiki, na hiyo kazi inataka mbio na mdomo. Shule niliachia njiani, mdomo nikaja nao.

Watu wakiniuliza mama yako mdogo anafanya nini, zamani nilikuwa nasema, "Yuko hospitali." Wanadhani nesi, wanaanza kunionyesha vipele. Si nesi! Anatunza mashine. Kila mtu aliyewahi kutibiwa kwenye hospitali yetu kubwa, jina lake, umri, uzito, dawa alizopewa, vyote vimo ndani ya kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo, kwenye chumba cha nyuma ya maabara. Chumba kina baridi ya kugandisha meno. Nje jua linakaanga watu, yeye mle ndani kavaa sweta la kijivu, anasikiliza mafeni. Aliingia pale akiwa msichana wa kuchapa barua, akaipenda ile mashine, akatumwa kozi, akarudi, hakutoka tena.

"Mama Mdogo," nilimwambia siku moja, "hii mashine ingekuwa mwanaume ungeshaolewa nayo."

"Ingekuwa mwanaume ingeshaniudhi," akanijibu, na macho hayatoki kwenye kioo cha kompyuta.

Sasa ile mashine ikazeeka. Vipuri havipatikani tena. Hospitali ikanunua mpya, wakaiweka kwenye jengo jipya upande wa pili wa mji. Mkurugenzi akamwita Mama Mdogo ofisini. Mkurugenzi si mtu mbaya, nataka niseme hivyo mapema, maana kuna mahali mbele nitamkasirikia. Akamwambia hivi: "Mama, kuna kampuni ya nje inaitaka hii kazi. Mimi nakupa wewe kwanza. Ukihamisha kila kitu salama, mashine mpya ni yako mpaka siku utakayostaafu. Wagonjwa wa Jumatatu wakikuta fujo, nawapa kampuni, na wewe nakutafutia kiti mapokezi."

Alirudi nyumbani hakula. Alikaa jikoni na sweta lake, anakoroga chai isiyo na sukari.

"Si kiti tu hicho?" nikamwambia. "Utakaa, utasalimia watu."

"Mapokezi kila mtu ana haraka, mwanangu. Nitakufa wiki ya kwanza."

Nikacheka, ila yeye akaendelea kukoroga. Nikaacha kucheka.

"Lakini kuhamisha si kunakili tu? Toa huku, tia kule."

"Ingekuwa hivyo ningelala." Akasogeza kikombe. "Hizi mashine mbili hazisomi namba sawasawa. Namba ndani ya mashine inakaa kwenye vyumba vidogo, tunaviita baiti. Umri wako unakaa kwenye vyumba viwili. Mashine ya zamani inasoma kuanzia chumba cha kichwa. Mpya inaanzia chumba cha mkia."

"Sijaelewa."

"Nikikusomea namba ya simu mbili mbili kutoka mwisho, ukapiga, utampata nani?"

"Nitampata mtu atakayeniuliza mimi nani, halafu tugombane."

"Basi ndiyo hivyo. Namba haijapotea hata moja, ila umempigia mwingine. Majina hayana shida, herufi zinasomwa moja moja kwa mstari. Namba ndizo zinazopinduka. Ukileta faili lilivyo, mtoto wa mwaka mmoja anaonekana ana miaka mia mbili hamsini na sita."

"Mzee kuliko hospitali!"

"Kwa hiyo lazima mtu ageuze namba zote, mara moja, kabla mashine mpya haijaanza kuzitumia. Nimetengeneza programu ya kugeuza. Yenyewe haiulizi kitu. Ukiiwasha inageuza."

Kwenye jengo jipya kulikuwa na fundi wake. Wanamwita Plagi, maana alipoanza kazi alikuwa kila mara anachomoa isiyotakiwa kuchomolewa. Mama Mdogo ndiye aliyemfundisha, miaka na miaka, kwa ile subira yake ya kumtoa mtu mwingine jasho. Sasa Plagi ni mtu mzima, ana ndevu na mke, na bado anamwita Mama. Sheria ya kwanza aliyofundishwa ni hii: anayepokea ndiye anayegeuza. Faili likiwa njiani libaki lilivyozaliwa, ili mkibishana muweze kulilinganisha na mama yake kule lilikotoka. Plagi unaweza kumwamsha usingizini ukamuuliza nani anageuza, atakwambia "anayepokea" kabla hajakuuliza umeingiaje chumbani kwake.

Ijumaa mchana wakafunga mashine ya zamani. Isomwe tu, isiandikwe. Wodi zote zikahamia kwenye karatasi mpaka Jumatatu, na manesi wakaanza kulalamika kabla kalamu hazijakauka. Mtandao wa kati ya yale majengo ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, kupitisha mzigo wote ule pale kungemaliza mwezi. Kwa hiyo nani akapewa kazi ya kubeba diski zenye faili zote? Mimi. Kwa mkataba, na risiti, si kwa undugu.

Nilipofika kuzichukua nikamkuta Mama Mdogo bado hajazifunga. Programu yake inatembea kwenye kioo, mistari inapanda pole pole.

"Hiyo si ile ya kugeuza?" nikauliza. "Si Plagi ndiye anageuza?"

"Mkewe kajifungua juzi. Mtoto wa kwanza." Akavuta sweta. "Kugeuza kule kungemkalisha wikendi nzima. Hii mashine yangu haina kazi tena, acha nimgeuzie. Akabebe mtoto."

"Umemwambia?"

"Mwambie akambebe mtoto. Ataelewa."

"Mpigie simu basi!"

"Nikimpigia atanishukuru. Mimi nikishukuriwa nakosa la kusema."

Huyo ndiye mama yangu mdogo. Atakufulia shati lako la kazi, ataliweka kitandani limepigwa pasi, na ukimwuliza nani kafua atakwambia maji yapo mengi leo. Hata taa ya chumbani kwangu ilibadilishwa nikiwa kazini, mpaka leo hajakiri.

Basi programu ikamaliza, diski zikafungwa kwenye mfuko wa sponji, mimi nikaondoka. Getini kwenye jengo jipya mlinzi akanisimamisha.

"Dada, mzigo gani?"

"Wagonjwa."

"Wagonjwa wako wapi?"

"Kwenye mfuko. Wote. Na baba yako yumo, kama aliwahi kuumwa."

Hapo tukavutana kidogo. Alitaka kufungua mfuko, nikamwambia akiugusa nitamtoa hayo mabega ya sare, mpaka Plagi akatoka mbio na kitambulisho shingoni kutuamua. Macho mekundu, shati kavaa upande wa nyuma mbele. Baba mpya.

"Mama mzima?" akaniuliza huku anazipokea zile diski kama mayai.

"Mzima. Anasema ukambebe mtoto."

Akacheka. "Mwambie asante. Nitambeba nikimaliza."

Mimi nikarudi barabarani. Na Plagi, kwa sababu kafundwa akafundika, akazipakia diski, akawasha programu ya kugeuza, akaacha itembee. Tena alikaa nayo, hakwenda nyumbani, maana hakutaka Mama asubiri.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mkurugenzi akaja kukagua. Mimi nilimleta Mama Mdogo kwa pikipiki, kanishika kiuno kama tunavuka mto, kila kona anasema "taratibu." Chumba kipya kilinuka rangi. Viti bado vina nailoni, ukikaa vinapiga kelele za aibu. Mkurugenzi kavaa shati la mapumziko lenye maua, nikajikaza nisicheke.

Plagi akafungua faili la kwanza. Kila hospitali ina mgonjwa wa uongo wa kufanyia majaribio, jina lake Mgonjwa Majaribio, anaishi Mtaa wa Majaribio. Likaja jina, safi. Mtaa, safi. Umri sifuri, uzito sifuri, kila kitu sifuri, kama kule kwenye mashine ya zamani. Mama Mdogo akatoa pumzi. Plagi akatabasamu kwa uchovu.

Mkurugenzi hakutabasamu. "Huyu hana umri, hana kilo. Huyu ni mzimu. Sifuri ukiisoma kwa kichwa au kwa mkia si sifuri tu? Nifungulieni mtu." Akageuka akaniona mlangoni. "Binti, umewahi kutibiwa kwetu?"

"Mguu. Niligongana na mkokoteni."

Plagi akaandika jina langu. Likaja lote, hata lile la katikati ninalolichukia. Mtaa wetu. Mguu wa kushoto. Na maneno ya nesi wa siku ile: mgonjwa ana matusi. Nikataka kuuliza ni nesi gani huyo. Halafu nikaona mstari wa chini.

Umri: miaka 6144. Uzito: kilo 15616.

"Unajitunza vizuri," akasema Mkurugenzi.

"Kilo ngapi?" Nilipaza sauti. "Nani kaandika huo upuuzi?"

Hakuna aliyecheka. Plagi akafungua mwingine, na mwingine. Kuna mtoto wa mwaka mmoja kweli akatokea na ile miaka yake mia mbili hamsini na sita. Mama Mdogo alikuwa amesimama, akashika mgongo wa kiti, nailoni ikalia.

"Kesho asubuhi," Mkurugenzi akasema, sauti ya chini, "daktari wa watoto anapima dozi kwa uzito ulioandikwa hapa. Mnanielewa? Hizi namba hazijageuzwa."

"Nimepitiwa mimi," akasema Plagi haraka. Kasogeza kiti. "Sijalala vizuri, mtoto... labda haikumaliza. Nageuza sasa hivi."

"Hapana, ni mimi," akasema Mama Mdogo. "Ni mimi nimekosea mahali, nilidhani imekwisha. Narudi kule nigeuze upya. Pilipili, washa pikipiki."

Mkurugenzi akawatazama, huyu, halafu huyu. "Kwa hiyo mmesahau wote wawili. Kitu kimoja tu cha kukumbuka." Akatoa simu mfukoni. "Samahani, Mama. Nilikupa nafasi. Nawapigia kampuni waje leo."

Mama Mdogo akaanza kufunga vifungo vya sweta, kimoja, kingine, kama mtu anayejiandaa kutoka kwenye nyumba ya wenyewe. Na mimi hapo damu ikanipanda mpaka kwenye masikio.

"Mkurugenzi, shikamoo na samahani," nikasema, na nikasikia mwenyewe kwamba hiyo samahani haina samahani ndani. "Huyu hajasahau! Nilikuwepo! Nimeiona programu inatembea kwa macho yangu haya, Ijumaa, nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Kageuza! Kama kuna aliyesahau ni huyu mwenye shati kinyume, lakini mama yangu mdogo kageuza kila kitu kule kule kabla sijabeba!"

"Pilipili," akasema Mama Mdogo.

"Usiniambie Pilipili! Nasema ukweli!"

"Ngoja," akasema Plagi. Akanigeukia. "Aligeuza kule?"

"Si nimesema!"

"Lakini mimi nimegeuza hapa. Nimekaa nayo mpaka mwisho. Anayepokea ndiye..."

Hakumaliza.

Mama Mdogo akakaa. "Plagi. Umegeuza?"

"Mama, si ulinifundisha mwenyewe?"

"Nilikutumia ujumbe ukambebe mtoto!"

"Nilidhani ni salamu!"

Hata mimi na shule yangu ya njiani nikaielewa. Ni kama fulana. Mmoja kaikuta ndani-nje akaigeuza vizuri, akaikunja. Mwenzake akaja, hakuitazama, akaigeuza tena kwa nia njema kabisa, na mwenye fulana akatoka nayo mtaani mishono ikiwa nje. Kila mmoja alitaka mwenzake apumzike.

Mkurugenzi alikuwa bado kashika simu sikioni. Mtu wa upande wa pili alikuwa anasema haloo, haloo. Akaikata.

"Na sasa hivi," akasema pole pole, "wewe ulikuwa unakwenda kugeuza hapa, na Mama alikuwa anapanda pikipiki kwenda kugeuza kule."

Plagi akaondoa vidole kwenye kibodi kama imemuunguza.

"Jioni tungekuwa palepale," akasema Mama Mdogo.

Mkurugenzi akajifunika uso kwa kiganja. Mabega yakawa yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Alipofunua, kumbe alikuwa anacheka. "Wanasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema manahodha wenye huruma! Haya. Kosa la nani?"

"Langu," wakasema wote.

"Nataka mmoja."

Mama Mdogo akainua mkono, kama darasani. "Sheria niliitunga mimi, na niliyeivunja bila kusema ni mimi. Yeye kaifuata. Kama ni kiti cha mapokezi, ni changu."

Nilitaka kuongea. Alinitazama, nikanyamaza. Si kawaida yangu.

Mkurugenzi akafikiri. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Kesho asubuhi nitakuja kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nitachagua watu mwenyewe, mmoja mmoja. Hapo ndipo nitaamua." Akaondoka na maua yake.

Sasa sikilizeni jinsi walivyofanya wale wawili. Plagi akasema, "Mama, nenda kapumzike, nitageuza mimi." Mama Mdogo akasema, "Wewe nenda nyumbani, nitageuza mimi." "Hapana Mama." "Hapana mwanangu." Wanaanza tena! Nikapiga meza. "Nyie watu mna ugonjwa gani? Semeni kwa mdomo! Nani anageuza?"

Mama Mdogo akamgeukia Plagi, akamshika mikono yote miwili. "Nasema waziwazi. Mimi ndiye ninayegeuza, hapa, mara moja. Wewe hugusi kitu. Unakwenda kwa mkeo. Umesikia?"

"Nimesikia. Mama anageuza. Mimi sigeuzi."

"Rudia."

"Mama! Nimesikia."

"Rudia, Plagi."

Akarudia. Akaenda. Mlangoni nikamwambia ageuze shati lake, hilo ameruhusiwa. Mama Mdogo akakaa kwenye kile kiti cha nailoni, akaiwasha programu mara moja tu, akaweka mikono mapajani. Sikuondoka. Nilikaa sakafuni namchungulia. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ule utaratibu wake si uzito wa mwili. Kila mstari uliopanda aliusoma, na kila mtu aliyepita pale kwenye kioo alimtazama kama vile kaingia mlangoni na kusema hodi.

Asubuhi Mkurugenzi akaja na suti. Akamtaja bibi mmoja wa kisukari, yakatoka miaka sabini na mbili, kilo hamsini na nane. Akapiga simu wodini, wakasema ndiyo, sawa na karatasi. Akataja watoto, tena wengi, na kila mmoja akapiga kuuliza. Sawa. Mimi nikarudi kwenye miaka yangu ishirini na minne na kilo sitini na moja, na nesi wangu wa matusi bado yumo. Mwisho akasema, "Nifungulie mimi."

Mama Mdogo akafungua. Akasoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. "Uzito, kilo mia moja na nne."

"Hiyo hamjageuza," akasema Mkurugenzi.

"Tumegeuza," akasema Mama Mdogo.

Basi akacheka Mkurugenzi, akacheka mpaka akashika meza. Akampa mkono. "Mashine ni yako. Mpaka ustaafu, kama nilivyosema. Ila huo wema wako wa kimyakimya, Mama, uishie nyumbani. Hapa kazini mtu akifanya jambo alitangaze."

Yeye akasema asante, akainamisha kichwa. Alipotoka yule, nikamwona anafuta miwani kwa pindo la sweta, anafuta, anafuta, na miwani ilikuwa safi tangu mwanzo. Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka akasema nitamvunja.

Kosa la Mkurugenzi ni kwamba hakumpa mipaka. Sasa hivi Plagi anapiga simu tukiwa mezani: "Mama, nimezima taa ya chumba cha mashine." "Nimesikia, umezima." "Nimefunga mlango." "Nimesikia, umefunga." Na nyumbani ndiyo usiseme. Juzi niko sebuleni nalala kidogo, nimetoka kubeba vifurushi tangu alfajiri, sauti ikatoka jikoni:

"Pilipili! Natia chumvi kwenye mchuzi!"

Nikanyamaza. Mtu anataka kulala!

"Pilipili! Nimesema natia chumvi! Wewe usitie!"

"Mama Mdogo, mimi sijawahi kutia chumvi maishani mwangu!"

"Sema umesikia!"

"Nimesikia!"

"Rudia!"